Gari nalo lina pasi yake: namna ya kupanga safari ndefu ya kuvuka mpaka

Anayesafiri kwa ndege huvuka mpaka peke yake. Anayesafiri kwa gari huvuka na mali, na kwa macho ya forodha mali hiyo ni bidhaa kama shehena nyingine yoyote: kesho asubuhi inaweza kuuzwa ndani ya nchi bila ushuru kulipwa. Karibu usumbufu wote wa safari hizi unatokana na hofu hiyo moja. Watu hushughulikia viza, hupima kilomita, hununua hema, kisha wanakwama mpakani kwa sababu ya gari, wala si kwa sababu yao wenyewe.

Njia rahisi ya kulifungua fundo hili ni kujua kwamba safari moja ina kalenda tatu. Ya kwanza ni ya uhamiaji: siku ulizopewa wewe. Ya pili ni ya forodha: siku lilizopewa gari. Ya tatu ni ya bima. Zinatolewa na watu watatu tofauti, mara nyingi ndani ya jengo moja, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Inayoisha mapema ndiyo inayotawala safari nzima.

Chukua mfano wa Umoja wa Ulaya. Mgeni wa ziara fupi katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasi kwenye mipaka yao ya ndani, huruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Gari lake binafsi, lililosajiliwa nje ya Umoja, kwa kawaida hukaa miezi 6 bila ushuru. Tuseme bima aliyonunua mpakani ni ya siku 30. Mkononi ana karatasi ya forodha yenye miezi sita, naye anajiona salama. Siku ya 31 hana bima. Siku ya 91 yeye mwenyewe amezidisha muda, ilhali gari lake bado lina haki zote za kukaa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua ramani, chora jedwali. Kila nchi iwe na mstari wake, na kila mstari uwe na tarehe tano: ya kuingia, ya kutoka, mwisho wa siku zako za kukaa, mwisho wa kibali cha gari, mwisho wa bima. Kati ya tarehe yako ya kutoka na ile inayoisha mapema kati ya tatu za mwisho, acha nafasi isiyopungua siku tano. Siku hizo hazina kazi mpaka pale daraja litakaposombwa au fundi atakapoagiza spea kutoka mji mwingine.

Kwenye viza kuna mitego miwili ya kuangalia. Tarehe iliyoandikwa kuwa mwisho wa viza mara nyingi ni siku ya mwisho ya kuingia tu, na muda wa kukaa ni jambo jingine lililoandikwa mstari wa chini, au kwenye muhuri utakaogongewa mlangoni. Halafu viza nyingi za mtandaoni hutaja milango inayokubalika, na orodha hiyo inaweza kuwa ya viwanja vya ndege pekee. Soma orodha hiyo neno kwa neno. Hakikisha pia kituo ulichokichagua ni cha kimataifa, kwa kuwa vingine ni vya wakazi wa pande mbili tu. Kwenye ramani ya simu vyote vinaonekana sawa. Pasi yenyewe iwe na miezi 6 mbele na kurasa wazi za kutosha, mbili kwa kila nchi ukitaka kulala usingizi.

Sasa gari. Swali la kwanza la afisa wa forodha ni: hili ni la nani? Kadi ya gari ikiwa na jina lako, limekwisha. Ikiwa gari ni la kampuni, la ndugu au la mkopo, unahitaji barua ya mwenye mali inayotaja namba ya usajili, namba ya chasisi, jina lako na namba ya pasi yako, nchi zote utakazopita, na tarehe za mwanzo na mwisho. Igongwe muhuri wa wakili au mthibitishaji. Benki iliyoshika kadi nayo itoe ridhaa yake kwa maandishi. Gari la kukodi ndilo gumu zaidi: mikataba mingi inakataza kuvuka mpaka bila idhini, na ukivuka kimyakimya bima ya gari hilo huwa imekufa tangu ulipopita kizuizi.

Namba ya chasisi inastahili dakika kumi za peke yake. Magari mengi yaliyoundwa tangu mwaka 1981 yana namba yenye tarakimu na herufi 17, na kwa makusudi kabisa haina herufi I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ukiona O kwenye karatasi yako, mtu amekosea. Lakini magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani hayafuati utaratibu huo: yana namba fupi yenye kistari katikati, na fomu za mtandaoni zinazodai herufi 17 huzikataa. Mtu akijaza sifuri mbele ili fomu ipite, ameshatengeneza namba ambayo haipo kwenye gari. Lala chini, uisome palipogongwa kwenye chuma, upige picha, kisha uilinganishe na kadi, bima na kibali, herufi kwa herufi. Tofauti ya herufi moja nyumbani ni marekebisho ya siku chache. Mpakani ni tuhuma ya wizi.

Gari huingizwa kwa muda kwa njia mbili. Ya kwanza ni kibali kinachotolewa palepale mlangoni au mtandaoni, mara nyingine kwa ada, mara nyingine kwa dhamana ya fedha. Ya pili ni Carnet de Passages en Douane, ambayo wasafiri huiita kaneti tu. Hiki ni kitabu kinachotolewa na chama cha magari cha nchi yako, na kinadumu mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba chama kinaiambia forodha ya ugenini: gari hili lisipotoka, ushuru tutalipa sisi. Ndiyo maana nawe unatakiwa uweke dhamana kwao kwanza, inayopimwa kwa thamani ya gari na nchi utakazopita. Kwa gari zuri dhamana hiyo inaweza kuwa gharama kubwa kuliko mafuta ya safari nzima, hivyo jua mapema ni nchi zipi kwenye njia yako zinazoidai kweli. Pengine kuhamisha njia kwa nchi moja tu kunaifuta haja yake.

Kila ukurasa wa kaneti ni wa kuingia na kutoka mara moja, na una vipande vitatu. Cha chini kinakatwa na forodha unapoingia. Cha kati kinakatwa unapotoka. Cha juu hakikatwi: kinabaki kitabuni kikiwa na mihuri miwili, wa kuingia na wa kutoka. Kosa la kawaida ni kupata muhuri mmoja tu, hasa wakati wa kutoka, kwa kuwa nchi unayoiaga haina haraka na wewe na mlango mara nyingi uko wazi. Ukipita bila kugongewa, kwenye vitabu vya nchi hiyo gari bado limo ndani, na muda ukiisha dai la ushuru linamfuata mtoaji wa kaneti, ambaye atageukia dhamana yako. Usiwashe injini kabla hujakiona kipande cha juu kina mihuri yote inayostahili, yenye tarehe inayosomeka.

Kibali cha kawaida nacho kina masharti ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa. Aghalabu gari la mgeni haliruhusiwi kuendeshwa na mkazi wa nchi hiyo, hata akiwa rafiki anayekupokea zamu kidogo. Huruhusiwi kuliuza wala kulitelekeza. Baadhi ya nchi huliandika gari ndani ya pasi ya aliyeliingiza, na mtu huyo hawezi kupanda ndege kurudi nyumbani akaliacha. Akiitwa msibani ghafla, atazuiwa uwanja wa ndege. Gari likiibwa au likiungua, taarifa ya polisi ipatikane siku hiyohiyo na nakala ifike forodha, la sivyo utahesabiwa umeliuza.

Kuna karatasi moja ambayo karibu kila mtu huisahau, ile ya nchi yake mwenyewe. Gari lako linapotoka nyumbani, forodha ya nyumbani nayo iandike kwamba limetoka kwa muda. Bila hiyo, siku ya kurudi unaweza kuulizwa kama unaingiza gari jipya. Vifaa vya bei, kama kamera kubwa au jenereta, viorodheshwe humo pamoja na namba zake.

Leseni ya kimataifa si leseni. Ni tafsiri ya leseni yako, haina nguvu bila leseni yenyewe, na hutolewa na nchi yako kabla hujaondoka. Zipo za aina mbili zinazotumika sana: ya Mkataba wa Geneva wa 1949, inayodumu mwaka mmoja, na ya Mkataba wa Vienna wa 1968, inayoweza kufika miaka mitatu maadamu leseni yako ya nyumbani haijaisha. Zinafanana kwa sura lakini hazibadilishani. Kati ya hizo mbili, Japani inatambua ya 1949. China Bara haitambui hata moja, na mgeni hupewa leseni ya muda ya nchini humo. Safari ndefu inaweza kukudai ubebe zote mbili. Mikataba hiyohiyo ndiyo inayotaka alama ya nchi nyuma ya gari, zile herufi za kwenye duara la yai. Ni kibandiko cha bei ndogo, na trafiki mwenye njaa hukianzia hicho.

Bima nayo husomwa vibaya. Kadi ya Kijani ya Ulaya na Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, hufanya kazi kwa mtindo mmoja: kampuni yako ya nyumbani inatoa kadi, na nchi wanachama zinakubali kwamba madai ya mtu uliyemgonga yatalipwa. Mtu uliyemgonga, si gari lako. Gari lako likibonyea, likiibwa au likipinduka ugenini, kadi haikuhusu. Kwa hilo unahitaji bima kubwa ya nyumbani yenye nyongeza ya nje ya nchi, iliyotaja nchi moja moja. Angalia nchi zilizokatwa kwa kalamu kwenye kadi, angalia saa ya kuanza kufanya kazi na si tarehe tu, na uulize nani atalipa kulivuta gari lililokufa kulirudisha nyumbani. Winchi ya kilomita mia sita si jambo la kulifikiria barabarani.

Siku ya mpaka yenyewe ina mpangilio wake. Upande wa kutoka: uhamiaji, kisha forodha. Upande wa kuingia: afya kama ipo, uhamiaji, forodha, ada ya barabara, bima, kisha geti. Uhamiaji hutangulia kwa sababu forodha hufunga kibali cha gari kwenye pasi iliyokwisha kugongwa muhuri, hivyo ukianzia dirisha la forodha utarudishwa. Kwenye vituo vya pamoja, kama Chirundu kati ya Zambia na Zimbabwe kilichofunguliwa mwaka 2009, taratibu za nchi zote mbili zinamalizwa upande unaoingia. Anayeyajua ya zamani huanza kwa kupanga foleni upande usiohusika.

Fika asubuhi. Vituo vingine vinafungwa usiku, na nchi mbili jirani zinaweza kuwa na saa zisizolingana, kwa hiyo geti la upande wa pili linaweza kuwa limeshafungwa wakati saa yako bado inakupa dakika hamsini. Kabla hujateremka, watakuzunguka vijana wa kukuharakishia mambo. Wakala wa forodha halali yupo na ana kitambulisho. Kishoka naye yupo, na kazi yake huanza kwa kukunyang'anya makaratasi kwa upole. Usimpe mtu pasi wala kadi ya gari nje ya dirisha. Lipia kwa keshia, pokea risiti, hesabu. Uwe na noti ndogo, safi, za toleo la karibuni. Noti za dola zilizochakaa au za zamani hukataliwa sehemu nyingi.

Kitu kinachookoa saa nzima ni karatasi moja uliyoichapa nyumbani nakala ishirini: jina na namba ya pasi, anwani, namba ya usajili, aina na mwaka wa gari, rangi, chasisi, namba ya injini, ukubwa wa injini, uzito, idadi ya viti, thamani. Kila dirisha litauliza hayohayo. Badala ya kuhangaika na sauti inayopita kwenye kioo chenye tundu, unasukuma karatasi.

Vitu vidogo vinavyogeuka vikubwa ni dawa, chakula na watoto. Dawa zibaki kwenye pakiti zake na ziwe na cheti cha daktari: dawa ya kikohozi yenye kodeini inayouzwa wazi nchi moja ni kosa la jinai nchi nyingine. Nyama, matunda na mbegu huchukuliwa. Cheti cha homa ya manjano, panapohitajika, kinaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka kumi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja au na shangazi abebewe barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Upande wa ufundi, kosa kubwa ni kulifanyia gari matengenezo siku moja kabla ya kuondoka. Kazi ya fundi ndiyo chanzo cha hitilafu nyingi za siku ya kwanza: bomba la rejeta halikukazwa vizuri, nati za gurudumu zimelegea, hewa imebaki kwenye mfumo wa kupoza injini. Fanya wiki mbili kabla, kisha endesha kilomita mia tatu au zaidi ukiwa umepakia mzigo wote. Halafu kaza nati za magurudumu upya na utazame chini ya gari palipolala. Tairi usome umri wake ubavuni: tarakimu nne za mwisho, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo upime tairi likiwa baridi, kwa kiwango cha gari lililopakiwa, na ujue vipimo vinavyobadilika njiani: psi 32 ni takriban baa 2.2, sawa na kilopaskali 220. Tairi la akiba lipimwe pia. Mtu hugundua kuwa spea haina upepo siku anapoihitaji.

Mafuta yahesabiwe kwa gari utakalosafiri nalo, si lile unaloliendea kazini. Gari linalokula lita 11 kwa kilomita 100 likiwa tupu, ukilipakia, ukaliwekea keria ya juu na upepo wa mbele, liongezee robo: karibu lita 14. Tenki la lita 60, toa 10 ambazo usizihesabu kamwe, zinabaki 50. Hapo una takriban kilomita 350, wala si zile 545 za kwenye mahesabu ya sebuleni. Dumu la lita 20 linakuongezea kama kilomita 140 na kilo 15 za petroli. Liwe la chuma au la plastiki iliyotengenezwa kwa mafuta, lisijazwe mpaka mdomoni, wala lisikae ndani na abiria. Angalia na sheria: Umoja wa Ulaya unasamehe ushuru wa mafuta yaliyo kwenye tenki la kiwandani na lita 10 tu za dumu. Wenye dizeli za kisasa zenye kichujio cha moshi waulize salfa, si bei. Injini iliyoundwa kwa salfa ya sehemu 10 kwa milioni itaziba kichujio ikinyweshwa mafuta ya sehemu 500 au zaidi kwa siku nyingi.

Mpaka unaobadilisha upande wa barabara, kama Tanzania na Rwanda au Zambia na Angola, una hatari yake. Penye geti kuna alama na kila mtu yuko macho. Hatari huja kesho yake alfajiri, unapotoka kituo cha mafuta kwenye barabara tupu na mkono unakupeleka upande wa nyumbani. Bandika kishale kwenye dashibodi, na abiria aseme kwa sauti upande kila mnapoanza kuondoka. Kupita gari mbele yako ukiwa na usukani upande wa ukingo ni kubahatisha: huoni mpaka gari zima limeshatoka. Rudi nyuma mita nyingi zaidi ya ulivyozoea ili uone pembeni mwa lori, au subiri. Taa za chini nazo zimeundwa zimulike zaidi ukingo wa upande wako; ukihama upande, mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja. Ziba kipande hicho cha kioo kwa utepe usiopitisha mwanga.

Kwa umbali wa siku, barabara yenye kibao cha 80 ipange kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa pamoja na kusimama. Saa nane za usukani ni kilomita 480, na hizo zinatosha. Siku ya mpaka igawe kwa nusu, na kitanda cha usiku huo kiwe mji wa kwanza baada ya geti.

Ukisharudi, safari ya makaratasi inakuwa bado haijaisha. Peleka gari forodha ya nyumbani lifutwe kwenye orodha ya yaliyotoka. Kaneti irudishwe kwa chama kilichoitoa ikiwa na mihuri yote, ndipo dhamana ifunguliwe. Kama kuna muhuri wa kutoka uliokosekana, ukurasa wa cheti cha mahali lilipo gari, ulio mwishoni mwa kitabu, ujazwe na kugongwa na forodha ya nyumbani baada ya kuliona gari lenyewe na kusoma chasisi yake. Fanya hivyo kabla ya kuliuza au kulibadilisha namba, kwa maana baada ya hapo hakuna gari la kuwaonyesha.